Mtu Asipotee Ndani ya Njozi: Picha za Kubuni na Uhariri wa Kidijitali Chini ya Milima ya Uluguru

(Mhadhara uliotolewa mjini Morogoro mbele ya wasanii, walimu, wanafunzi na wakazi wa mji)

  Shukrani za pekee ziwaendee akina mama wafanyabiashara waliofunga meza zao mapema leo ili wafike hapa, maana baadhi yao wamo katika kazi nitakazozieleza na ni haki yao kusikia zinasemwaje.

Nimeombwa nizungumzie picha za njozi. Nazo ni picha ambazo mtu halisi, mwenye jina na mtaa anaoishi, hukaa mbele ya kamera, kisha kwa mavazi, kwa mwanga na kwa kazi ya kompyuta huonekana ametawala mawingu, ameota mabawa, anaelea juu ya bonde au anazungumza na nyoka. Vijana wengi wa mji huu wanazipenda na wanazitengeneza, wengine kwa simu tu. Kusudi langu ni kutetea jambo moja. Picha ya njozi ni picha ya mtu kwanza, na kila tunachoongeza, iwe taji, ukungu au rangi, tukipime kwa kumtazama yeye. Akishapotea yeye, hata kazi ikiwa na ufundi wa kutisha, tumebakiwa na pambo. Nina hoja sita. Nyingine nitazieleza kwa kirefu na nyingine nitazipitia haraka, kwa hiyo mnivumilie.

Hoja ya kwanza: sanaa hii haikuletwa na kompyuta, wala si ngeni kwetu

Wapo wanaoamini kwamba njozi katika picha ilianza na programu ya Photoshop, ambayo ndugu wawili, Thomas na John Knoll, waliibuni, na toleo lake la kwanza likatoka mwaka 1990. Hapana. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, Msweden aliyeishi Uingereza, alikwisha kuunganisha negativu zaidi ya 30 kupata picha moja kubwa yenye watu ambao hawakuwahi kusimama pamoja. Lakini sina haja ya kuwapeleka Ulaya, kwa sababu mfano ulio bora uko kwenye mwambao wetu.

Pale Lamu aliishi Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993. Upigaji picha alijifunza mwenyewe, na katika miaka ya 1960 akafungua studio iliyokuja kujulikana kwa jina lake. Watu wa Lamu hawakuja kwa Bakor kutafuta picha za pasipoti peke yake. Walikuja pia kutafuta yale ambayo macho hayawezi kuyaona. Kwa mkasi, kwa gundi, na kwa kupiga juu ya filamu ileile zaidi ya mara moja, Bakor alimfanya mtu achomoze katikati ya ua, au mtu mmoja atokee mara mbili katika picha ileile. Kila tunachokifanya leo kwa matabaka na brashi za kompyuta, mzee huyu alikifanya kwenye chumba cha giza, na akikosea hakuwa na kitufe cha kurudi nyuma.

Nawaomba wanafunzi mlione jambo moja katika kazi ya Bakor. Nyuso katika picha zake zilibaki zinatambulika. Ua lilikuwa la ajabu, ukubwa wa mtu ulikuwa wa ajabu, lakini mke au mjomba wa mtu angeweza kuonyesha kidole akasema, huyu ni fulani. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa vibanda vya wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990. Wasafiri na vibarua waliotoka bara walisimama mbele ya mapazia yaliyochorwa meli, ndege na miji mikubwa, kisha picha ikatumwa nyumbani. Ndege ilikuwa ya rangi na kitambaa, ila kijana aliyesimama mbele yake alikuwa yeye kabisa, na mama yake alimjua.

Vilevile tusijione watu wasio na njozi. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitupa Kusadikika, nchi iliyo hewani, na wasomaji wakaingia ndani yake bila kuuliza inashikiliwa na nini. Wachongaji wa Kimakonde, tangu miaka ya 1950, walitoa kwenye mpingo viumbe vya mtindo wa shetani ambavyo havifanani na mnyama yeyote wa mbugani. Na katika kizazi chetu, Osborne Macharia wa Kenya amewapiga picha bibi wazee waliovaa miwani na nguo za ajabu, akiwabunia historia kwamba walikuwa viongozi wakubwa miaka ya 1970 na sasa, baada ya kustaafu, wanastarehe na kutembea dunia. Mwaka 2018, filamu ya Black Panther ilipotoka, Marvel walimpa kazi ya kuitengenezea picha. Tazameni nyuso za bibi wale. Makunyanzi yote yapo. Nguvu ya kazi yake iko hapo, maana amemwongezea mzee hadhi bila kumpunguzia hata mwaka mmoja wa umri wake.

Hoja ya pili: mwenye njozi ni anayepigwa picha

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi, na nitasema wazi. Tunapita kwenye studio za mji huu, na za miji mingine, tunaona msichana amewekwa mbele ya kasri la mawe lenye minara iliyochongoka na theluji juu yake, amepewa mabawa meupe na farasi mwenye pembe moja. Kazi ni safi. Lakini ukimuuliza msichana kasri lile ni la nani, hana jibu, kwa sababu hajawahi kuliota. Alikuta limepakuliwa kwenye kompyuta ya studio, akabandikwa.

Kazi inapaswa kuanza kwa mazungumzo, kamera ikiwa bado ndani ya mfuko wake. Uliza: ulipokuwa mtoto, ulisimuliwa nini jioni? Bibi yako alikuonya usipite wapi saa sita mchana? Ungekuwa na uwezo mmoja usio wa kawaida, ungekuwa upi? Majibu ya watu wa Uluguru ni utajiri mtupu. Wanakuja nyoka wa mapangoni, mvua inayoitwa na kuja, mito yenye wenyewe, na ndege ambaye mlio wake ni habari.

Nitawapa mfano mmoja, na mhusika ameniruhusu kuueleza bila kumtaja jina. Ni mama anayeshusha ndizi na viungo kutoka Kinole na kuviuza pale Soko Kuu la Chifu Kingalu. Tulipomuuliza angependa kuonekana nani, hakusema malkia. Alisema angependa kuwa yule anayeamua mvua inyeshe lini, ili barabara ya mlimani isiharibike siku za kuteremsha mzigo. Kutokana na jibu hilo picha nzima ikajipanga yenyewe. Taji lake halikuchorwa kwa kompyuta. Fundi alilisuka kwa majani makavu ya mgomba na vijiti vya mdalasini vilivyosimamishwa wima, katikati akashona vishada vya karafuu kwa uzi mweusi. Joho lilikuwa kaniki iliyokunjwa mikunjo mirefu, maana kaniki inameza mwanga na kuacha uso utawale. Mkononi alishika ungo, akiutikisa, na kazi ya kompyuta ilikuwa kuyageuza makapi yanayoruka kutoka kwenye ungo yawe matone ya mvua yanayoshuka bondeni.

Ilipofika zamu ya kusafisha picha, mwanafunzi aliyekuwa mezani alikuza mikono hadi ikajaa kioo. Kwenye vidole vya mama kulikuwa na madoa meusi ya utomvu wa ndizi, yale yasiyotoka kwa sabuni, yaliyoingia mpaka kwenye pembe za kucha. Kijana akataka kuyafuta. Mama akamzuia, akasema madoa yale ndiyo yaliyosomesha watoto. Yakabaki. Ukiitazama picha hiyo leo, jicho linatoka kwenye taji, linashuka kwenye macho yake, kisha linatulia kwenye vidole hivyo, na hapo unaamini kwamba mama huyu mvua anaijua kweli.

Hoja ya tatu: mlima ni studio, na una sheria zake

Wageni huona Morogoro kama mji ulio njiani. Sisi tunajua kwamba mji uko kwenye kimo cha mita 500 hivi, na kwamba ukiinua macho unaiona Lupanga ikipita mita 2,100, na nyuma yake milima inaendelea mpaka Kimhandu, zaidi ya mita 2,600. Upepo wa Bahari ya Hindi unafika na unyevu wake, unapanda miteremko ya mashariki, unapoa na kuwa ukungu na mvua. Ndiyo maana Kinole na Matombo huloa wakati upande wa magharibi umekauka, na ndiyo maana Mto Ruvu, unaotoka milimani humu, unainywesha Dar es Salaam. Kwa mpiga picha, jiografia hiyo ni ratiba ya kazi. Anayetaka ukungu wa kweli aende upande wa mashariki, au apande asubuhi mapema kuelekea Morningside, na hatahitaji kuununua ukungu wa kompyuta.

Mwanga nao una tabia zake. Sisi tuko karibu na ikweta, na saa sita mchana jua linakaribia utosi. Kivuli cha paji la uso kinaangukia kwenye macho, macho yanazama, na uso unapoteza kilicho muhimu kuliko vyote. Kazi ifanyike kati ya jua kuchomoza, kwenye saa kumi na mbili na nusu, na saa mbili asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni. Siku ya ukungu kazi inaweza kwenda mchana kutwa, maana wingu linasambaza mwanga na kuulainisha. Tena jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi Juni huchomozea upande wa kaskazini ya mashariki, na Desemba huelekea kusini ya mashariki, karibu na bega la mlima tunaloliona kutoka mjini. Picha ya uso iliyopigwa Juni ikiunganishwa na mlima uliopigwa Desemba, vivuli vitashitakiana.

Kuna jambo la rangi ambalo lazima niliseme kwa sababu linanigusa. Vijana wanapotaka kuonyesha maajabu huongeza zambarau na bluu kali kila mahali. Lakini katika Msitu wa Kimboza, msitu mdogo ulio chini ya miteremko ya mashariki, yuko mjusi asiyezidi urefu wa kidole, anayeishi kwenye mikadi. Dume lake lina rangi ya bluu inayong'aa mgongo mzima, koo lenye michirizi myeusi na tumbo la rangi ya chungwa. Jike lina kijani kilichochanganyika na shaba. Dunia nzima mjusi huyo anapatikana eneo hilo tu. Kwa ajili ya uzuri wake alikamatwa na kuuzwa nje kama mnyama wa kufuga, mikadi ikakatwa ili afikiwe, mpaka akawekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na mwaka 2016 biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Asili hapa ilimpa kiumbe mdogo rangi kali, ikamweka ndani ya kijani kilichotulia. Mnaweza kujifunza upakaji rangi mzima kutoka kwake: sehemu moja iwake, zinazobaki zinyamaze. Katika picha ya mtu, sehemu inayowaka iwe karibu na uso.

Hoja ya nne: kazi ya mezani

Sasa wanafunzi mliokuja na madaftari, hii ni yenu. Wazee mtuvumilie kidogo.

Tuseme tunataka bibi aelee hewani juu ya bonde la Mgeta. Kamera ifungwe kwenye tripodi na isisogezwe tena. Bibi akae kwenye kigoda, miguu isiguse chini, na vazi liachwe lining'inie pande zote. Piga. Kisha bibi ashuke, kigoda kiondolewe, na bila kugusa kamera upige tena mahali palepale pakiwa patupu, kabla mwanga haujabadilika. Kwenye kompyuta, picha ya bibi iwe tabaka la juu na ya mahali patupu iwe tabaka la chini. Lile la juu liwekewe maski. Ukipaka rangi nyeusi kwenye maski, sehemu hiyo ya tabaka inafichika. Ukipaka nyeupe, inarudi. Paka nyeusi kwenye kigoda tu. Kigoda kitatoweka, nyasi zitaonekana, na bibi atabaki hewani. Hakuna kilichofutwa moja kwa moja, na kesho ukiona umekosea utarudisha.

Ila bado jicho litakataa, kwa sababu ya kivuli. Mtu anayesimama ana mstari mwembamba mweusi chini ya nyayo, mahali ambapo mwanga haufiki kabisa. Anayeelea hana mstari huo. Kivuli chake kimeachana naye, kimepanuka na kingo zake zimelegea. Wengi huacha kivuli cha kukaa chini ya mtu anayeelea, au hubandika mtu anayesimama bila kivuli chochote, kisha wanashangaa kwa nini picha haishawishi.

Picha mbili zilizopigwa mahali tofauti zinapounganishwa, uliza maswali manne. Mwanga unatoka upande gani kwenye kila moja? Ni mkali au mlaini? Kamera ilikuwa kwenye kimo gani, cha kifua au cha magoti? Na hewa ikoje? Swali la nne ndilo linalosahaulika, na kwetu ndilo kubwa. Katika ukungu wa Uluguru, kitu kilicho mbali hakina weusi kamili. Mti ulio karibu ni mweusi, ulio ng'ambo ya korongo ni wa kijivu, na mlima wa nyuma umekaribia rangi ya anga. Ukimweka mtu mbali huku nywele zake zina weusi wa karibu, umembandika. Punguza weusi wake hadi ulingane na vitu vilivyo naye kwenye umbali huo.

Nywele zetu zinahitaji uangalifu. Nywele fupi za kipilipili na zile ndefu zilizotimuka zina kingo laini zenye maelfu ya vijishimo vya mwanga, na chombo cha kukatia kikizipitia kwa pupa, mtu anaonekana kama amevaa kofia ya pikipiki. Mpige mbele ya kitambaa cha kijivu kisicho na mikunjo, weka taa ndogo nyuma yake ichore ukingo, na mezani usikate mstari; acha ukingo wa nywele uchanganyike na mandhari kwa maski laini. Hatua hiyo inachukua muda mrefu, na unastahili.

Vifaa visiwe kisingizio. Programu ya GIMP imekuwepo tangu mwaka 1996 na ni ya bure. Ina matabaka na maski zote nilizozitaja. Simu nzuri ya wastani, shuka jeupe la kurudisha mwanga na dirisha linalotazama kaskazini au kusini vinatosha kuanza.

Hoja ya tano: ngozi isiguswe kwa mkorogo wa kompyuta

Kwa miongo mingi, kuanzia miaka ya 1950, maabara za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Uso wake ukitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Nyuso zetu zilipopita kwenye mashine hizo zilibaki meno na macho. Filamu ziliboreshwa baadaye, na miongoni mwa waliolalamika walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao bidhaa zao za kahawia hazikuonekana vizuri. Ndugu zangu, hilo si jambo la kusahau.

Leo tatizo limehamia kwenye simu. Vichujio vya urembo, vikiachwa viamue, hung'arisha ngozi, hufuta vinyweleo na huchonga pua. Mtu anaingia studio akiwa mtoto wa Mzee fulani wa Kilakala na anatoka hana ukoo. Mji wetu umewahi kuhubiriwa sana kuhusu madhara ya mkorogo wa dukani; huu wa kompyuta hauchubui ngozi, unachubua kumbukumbu. Mjukuu atakayeiona picha hiyo miaka 40 ijayo atamtafuta bibi yake asimwone.

Njia ipo. Pima mwanga kwa uso, usipime kwa mandhari. Anga likizidi kuwaka, lipigie picha yake peke yake ulirudishe baadaye. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga mpana wa pembeni unaoteleza kwenye shavu na kuacha mng'ao, basi mng'ao huo usifutwe ukidhani ni jasho. Na ukipiga chini ya migomba, chunga sana. Majani yanarudisha kijani kwenye shavu na chini ya kidevu, na ngozi inaonekana ya mgonjwa. Tandaza shuka jeupe kati ya mtu na migomba, au mezani upunguze kijani kwenye ngozi peke yake, ukiiachia migomba rangi yake.

Hoja ya sita: mipaka

Hapa nitakuwa mfupi lakini sitabembeleza.

Mosi, mahali. Milima hii ina mapango na misitu ya tambiko. Pango la Kolelo, huko Kolero, lilitembelewa na watu wa Uluguru na wa Uzaramo kuomba mvua na mavuno, na jina hilo lilisikika hadi katika siku za Majimaji mwaka 1905. Mahali pa namna hiyo pana wenyewe, na kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, wenyewe hao wanajulikana. Kamera isiingie kabla ya wazee kuulizwa, na wakikataa, jibu ni hilo. Msitu wa Uluguru wenyewe, tangu mwaka 2008, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia. Kibali hukatwa kabla ya kupanda, na hakuna ua linalong'olewa kwa ajili ya taji.

Pili, ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, na hakuna kinachomtambulisha mtu kuliko uso wake. Aliyekuja kupigwa picha ya familia hajakubali kuwa jini kwenye bango. Mwonyeshe kazi ikikamilika, akubali tena. Kwa watoto, wazazi wakubali, na mtoto naye aulizwe.

Tatu, ukweli. Mwaka 1917, huko Cottingley, Uingereza, wasichana wawili walipiga picha wakiwa na vijitu vyenye mabawa walivyovikata kwenye karatasi. Arthur Conan Doyle, mwandishi mkubwa wa zama zake, aliamini, na mwaka 1920 picha zikachapishwa. Kukiri kulikuja mwaka 1983, wasichana wakiwa vikongwe. Kama mzaha wa watoto uliishi zaidi ya miaka 60, tuwaze picha zetu zinazosambaa kwa dakika moja. Picha ya njozi itajwe kuwa ya njozi. Picha ya mafuriko au ya mgonjwa isitiwe njozi hata kidogo.

Nne, akili unde. Naulizwa kila mahali kama haitaua kazi yetu. Ukiiandikia kwamba unataka mwanamke wa Kiafrika mwenye nguvu za mvua, itakupa picha ndani ya sekunde chache, yenye shanga nyingi na uso mzuri. Uso huo hauna mtu. Hakuna aliyekaa, hakuna aliyesimulia, hakuna vidole vyenye utomvu wa Kinole. Chombo hicho kinaweza kusaidia kupanua anga au kusafisha waya wa umeme uliokatiza picha, na sina ugomvi na hilo. Lakini kazi tunayoizungumzia leo inahitaji mtu aketi mbele ya mwenzake na kutazamwa.

Kazi iliyo mbele yetu

Ndugu Mwenyekiti, naomba nimalizie kwa pendekezo ambalo tumelijadili na wapiga picha na walimu kadhaa, nalo tunataka lianze masika yakiisha, barabara za mlimani zikipitika.

Tunataka kuwapiga picha za njozi bibi wa koo za Uluguru: Mgeta, Matombo, Kinole na hapa mjini. Bibi ndiye mwenye kubeba jina la ukoo, na wengi wao hawana picha nyingine zaidi ya ile ya kitambulisho. Kila kundi litakuwa na mpiga picha, fundi cherehani, na mwanafunzi wa sekondari atakayeandika simulizi kama bibi anavyoisimulia, kwa Kiluguru kwanza na kwa Kiswahili baadaye. Kwa kila bibi tutahifadhi vitu vitatu pamoja: picha ya awali isiyoguswa, picha iliyohaririwa, na simulizi. Nakala iliyochapishwa kwenye karatasi itakwenda kwa bibi mwenyewe kabla haijaonyeshwa kwa mtu mwingine, naye ndiye atakayesema ionyeshwe au isionyeshwe. Maonyesho ya kwanza tungependa yawe sokoni, ambako wanaohusika watapita bila kualikwa.

Tunachokosa ni chumba chenye kompyuta kwa saa za jioni, printa inayochapa weusi wa kweli, na watu wa kutuongoza kwa wazee. Walimu wakuu mliopo, naomba mtuangalie kwa hilo la chumba. Wazee wetu, hilo la kutuongoza hatuliwezi bila ninyi.

Daftari la majina liko kwa katibu, karibu na mlango. Mafundi cherehani waandike kwanza, kwa sababu mavazi huchukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, na bibi wa Mgeta wameshaanza kuuliza watavaa nini.